Mshale Ulipanda, Mimi Sikusikia

Mimi ni fundi sauti, mzaliwa wa Maguu, Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Niliugua kifua kikuu sugu na Mungu akaniponya. Dawa zilizonitoa kaburini zilichukua sehemu kubwa ya usikivu wangu. Hata hivyo hadi leo naishi kwa kazi ya sauti, na ndiyo inayosomesha watoto wangu. Naomba nikusimulie ilivyokuwa. Nakusimulia hasa wewe uliye wodini sasa, au uliye nyumbani na kikohozi kisichosikia dawa, au ambaye masikio yameanza kukulilia na unaogopa kumwambia mtu.

Sijawa shujaa. Mtu akikohoa kiti cha nyuma ndani ya basi, moyo wangu bado unashtuka.

Nianze na kazi yenyewe, maana usipoijua hutaona nilipoteza nini.

Niliingia Dar es Salaam miaka ya 1990 nikiwa kijana. Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inapata televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na ghafla kila mtu akawa anataka video: makanisa, mashirika, wizara, wenye viwanda vya sabuni. Mjomba wangu alinipeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi mitambo wa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambaye sasa alikuwa na chumba chake kidogo cha kutengenezea sauti za video. Nikampa shikamoo. Aliniangalia mikono kabla hajaniangalia uso.

"Mikono yako inatetemeka?"

"Hapana, mzee."

"Basi njoo kesho."

Ndani ya chumba kile kulikuwa na mashine mbili za rili, Revox B77 za Uswisi, kila moja ina uzito wa kilo 17, pamoja na mashine ya video ya U-matic, ile ambayo Sony waliitoa mwaka 1971. U-matic ina njia mbili tu za sauti. Sasa video ya kawaida inahitaji sauti za aina tatu: sauti ya mahali picha ilipopigwa, maneno ya msimulizi, na muziki. Tatu haziingii kwenye njia mbili mpaka zichanganywe nje kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya rili. Tulitoa sauti kwenye video tukaiweka kwenye utepe wa robo inchi. Tukaikata, tukaisafisha, tukaichanganya na msimulizi na muziki, kisha tukairudisha kwenye video mahali pake hasa, ili mdomo wa mtu na maneno yake viende pamoja.

Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na wembe, kibao cha chuma chenye mfereji wa kulazia utepe na ufa wa mshazari wa kukatia wa nyuzi 45, penseli ya nta ya kuwekea alama, na rula. Utepe katika mashine ile hupita sentimita 19 kwa sekunde. Picha za video yetu, kwa mfumo wa PAL, ni fremu 25 kwa sekunde. Kwa hiyo fremu moja ya picha ni kama milimita saba na nusu za utepe. Sauti ikichelewa fremu mbili nyuma ya mdomo, unapima sentimita moja na nusu, unakata, unaunganisha, unarudisha mashine na kutazama tena. Mzee alinifundisha kupima kabla hajanifundisha kusikiliza. Alikuwa akisema sikio la mtu huchoka ikifika saa kumi jioni, ndiyo maana ameweka rula mezani. Niliona ni ukali wa wazee tu.

Mimi nililipenda sikio langu. Nilikuwa na sikio zuri, na hilo nalisema kwa shukrani kwa aliyenipa. Utepe ukipita kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, umeinama hata kwa unene wa unywele, sauti nyembamba hufifia: mluzi wa herufi "s", upatu wa bendi, nyuzi za juu za gitaa. Nilisikia hayo mara moja, kabla ya mita kuonyesha. Mzee masikio yake yalikuwa hayafiki huko juu tena kwa sababu ya umri, akawa ananiita, "Njoo unisikilizie." Nilikwenda nikijiona mtu.

Baadaye kompyuta zikaja, kazi za rili zikapungua, chumba kile kikafungwa. Mzee alinigawia mashine moja na kanda yake ya kupimia. Nikawa najitegemea: Jumamosi harusi, siku nyingine video za mashirika. Nikaoa, tukapata watoto.

Kikohozi kilianza mwaka 2013. Likafuata jasho la usiku, shuka zinalowa. Suruali zikalegea. Makohozi yakapimwa, kikaonekana kifua kikuu, nikaanzishiwa dawa za miezi 6. Nilizimeza zote. Mke wangu alisimama mbele yangu na kikombe cha maji kila asubuhi, hakuondoka mpaka nimefungua mdomo aone. Nalisema hili kwa sababu watu wengi hudhani kifua kikuu sugu ni adhabu ya mtu aliyetupa dawa. Unaweza kuambukizwa vijidudu ambavyo tayari ni sugu tangu siku ya kwanza, kwenye daladala iliyofungwa vioo, au kwenye vyumba vyetu sisi mafundi sauti, ambavyo tunaviziba kila tundu kwa makusudi ili kelele za nje zisiingie. Nimefikiria sana vyumba vile.

Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki. Makohozi yakapelekwa kwenye kipimo kipya cha GeneXpert, ambacho ndani ya saa mbili kinaonyesha kama vijidudu vinaikataa rifampisini. Vilikuwa vinaikataa.

Nikapelekwa hospitali ya mbali na nyumbani. Wakati ule matibabu ya kifua kikuu sugu yalichukua karibu miezi 20 kwa jumla, na miezi mingi ya mwanzo ilikuwa ya sindano za kanamisini pamoja na vidonge vya kujaza kiganja. Vidonge vilinitapisha. Nilivitapika, nikapewa vingine. Madirisha ya wodi yalikuwa wazi usiku na mchana ili hewa ipite, tukalala na makoti. Wauguzi tuliwajua kwa macho tu, maana nyuso zao hatukuwahi kuziona chini ya barakoa.

Sasa nifike pale pagumu.

Ilianza usiku. Nilisikia mluzi. Nilidhani ni taa ya bomba inavuma. Nikamuuliza jirani yangu wa kitanda cha pili kama anasikia. Akasema hasikii kitu. Nikaziba masikio. Mluzi ukabaki.

Ulikuwa ndani yangu.

Fundi sauti anazijua sauti kwa namba zake, yaani mitetemo kwa sekunde. Nililala chali nikiupima. Juu ya elfu sita, nikasema. Labda elfu nane. Nilijua nini kiko huko juu. Herufi ziko huko. Ndege wako huko. Mkate wa watoto wangu uko huko.

Asubuhi nikamwambia nesi, naye akamwita daktari. Akaja akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo halikuwa kawaida katika wodi ile. Akanieleza taratibu. Kanamisini inaua vijidudu. Inaua pia vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, na inaanza na vile vinavyopokea sauti nyembamba. Vikifa havioti tena. Wangejaribu kupunguza dozi. Kuiacha kabisa haikuwezekana, hapakuwa na nyingine ya kushika nafasi yake.

Akaniuliza nafanya kazi gani.

Nikamwambia.

Alinyamaza. Aliangalia chini, kwenye viatu vyake.

"Kaka yangu," akasema, "nataka urudi kwa watoto wako."

Sindano ya siku ile ililetwa saa nne. Nikageuka. Wakachoma.

Na kesho yake. Na kesho kutwa. Kila nilipoliona lile sinia linakuja nilijua linakuja kunipa uhai na kuondoka na kitu. Niligeuka. Nilisali Salamu Maria mpaka nesi aliposema tayari. Jirani yangu wa kitanda cha pili alifariki alfajiri moja. Wakafuta godoro kwa dawa. Akaletwa mwingine, kijana mdogo, akanisalimia. Niliona midomo yake ikicheza. Sikusikia alichosema.

Mama alikuwa Maguu. Alinipigia simu kila jioni baada ya rozari ya Radio Maria, redio ambayo sisi watu wa Ruvuma tunaiona ni yetu kwa sababu ilianzia Songea mwaka 1996. Nikaanza kumwambia aongeze sauti. Yeye alidhani ni mtandao, akawa anapanda juu ya kilima kunitafutia mtandao mzuri, jioni, kwenye baridi, mama wa umri ule. Nilishindwa kumwambia.

Niliruhusiwa mwaka 2015. Makohozi yalikuwa safi. Mke wangu alikuwa amekwisha kuhamia Maguu na watoto, kwa mama, kwa kuwa kodi ya Dar ilimshinda. Alikuwa ameuza televisheni, kabati, na cherehani yake mwenyewe. Revox hakuiuza. Mnunuzi wa chuma chakavu aliifuata zaidi ya mara moja, akajibiwa, "Hiyo ni ya baba watoto, akirudi ataiulizia." Kaka yangu ndiye aliyeisafirisha. Hakukubali iwekwe kwenye buti ya basi. Aliipakata magotini, imefungwa blanketi, kutoka Dar es Salaam hadi Songea, halafu hadi Mbinga, halafu juu ya gari la mizigo hadi nyumbani. Kilo 17. Mpaka leo hajawahi kunitajia safari ile, nimeisikia kwa watu wengine.

Nilifika mwezi wa Juni, ukungu umelala juu ya mikahawa hadi saa tatu asubuhi. Nilikonda, lakini nilikula. Mama alinipikia maharage ya shambani na ugali, akakaa kuangalia sahani mpaka iishe.

Siku moja kaka akaazima jenereta ndogo ya parokia. Alidhani ananifurahisha. Nikaifunua mashine, nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti, nikaweka ile kanda ya kupimia niliyopewa na mzee. Kanda hiyo ina sauti zinazojulikana namba zake, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja mshale wa mita unapaswa kusimama mahali pale pale.

Elfu moja. Nikasikia.

Elfu nne. Kwa mbali.

Elfu nane.

Kimya.

Mshale umepanda. Umesimama kwenye sifuri, mahali pake kabisa. Spika kimya. Nikakagua waya. Nikabadilisha waya. Nikarudisha utepe. Elfu nane. Mshale ukapanda. Kimya.

Elfu kumi. Mshale. Kimya.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Ameziba masikio kwa viganja vyake.

"Mama," nikamwita, "unasikia kitu?"

"Ndiyo, baba. Inapiga filimbi. Inaumiza."

Nikazima.

Baada ya hapo sikuigusa mashine kwa muda mrefu. Mke wangu aliifunika kanga na kuiweka stoo pamoja na magunia ya kahawa. Nyenje wa usiku sikuwasikia tena. Mbu aliniuma bila kulia. Mtu akisema "sasa" nilisikia "aa", akisema "sufuria" nilipata mkia wake tu. Niliacha kwenda jumuiya, kwa sababu kwenye sala za pamoja nilikuwa napotea, nasema "utuombee" wakati wenzangu wamekwisha kufika kwenye Atukuzwe. Wengine walisema nimerudi na kiburi cha Dar.

Kuna usiku niliomba Mungu nisiamke. Niliomba kwa maneno, kwa mdomo. Naliandika hili kwa kuwa huenda na wewe umeomba hivyo wiki hii. Nilimwambia kaka yangu. Hakunihubiria. Alichukua godoro lake akaja kulala chumbani kwangu, mke wangu akalala na mama, na asubuhi akaniamsha kwenda shambani. Wewe pia mtafute mtu wa namna hiyo, umwambie leo. Hata kama ni nesi wa zamu.

Shambani kulikuwa na kazi ya ngoro. Kwetu Umatengo wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba mlimani, wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba, na pale wanapochimba hubaki shimo linalokamata maji ya mvua yasibebe shamba. Kazi ile haidai masikio. Nilifyeka na kulaza. Baadaye kaka akaanza kwenda nami Mbamba Bay kununua usipa wa kuuza Mbinga. Pale ufukweni watu wote wanapiga kelele kwa sababu ya upepo wa ziwa, kwa hiyo sikuonekana wa ajabu. Nguvu zikarudi. Furaha ilikuwa bado.

Mlango ulifunguliwa na mama. Marehemu baba yangu alikuwa katekista, na miaka ya 1970 mmisionari mmoja alimrekodi kwenye rili akitoa hotuba fupi na kuongoza kwaya. Kanda ile niliitunza miaka yote.

"Mwanangu, kanda ya baba yako ingalipo?"

"Ipo, mama."

"Niwekee."

Mama akisema niwekee, huwezi kumjibu kwamba huna masikio. Nikaitoa mashine stoo.

Sauti ya baba ikatoka. Irabu zote nilizipata, konsonanti nyingi hazikuwepo, nikamsikia baba yangu kama mtu anayezungumza amejifunika blanketi gubigubi. Mama alikuwa analia na kucheka. Akaniuliza kwa ishara kama nimesikia baba aliponitaja. Nikarudisha utepe. Sikusikia. Nikarudisha tena.

Kwa mazoea tu, nikazungusha rili kwa mikono, tulivyozoea kufanya zamani tukitafuta mahali pa kukata. Polepole, mbele na nyuma, utepe ukiteleza kwenye hedi. Ndipo nikaisikia "s".

Nilishtuka nikaachia rili. Nikarudia. Ilikuwepo, nzito, imejivuta, lakini ni "s".

Nieleze kilichotokea, maana ni jambo la kweli la mashine. Utepe ukipita kwa nusu ya mwendo uliorekodiwa, kila sauti hushuka nusu. Elfu nane inakuwa elfu nne, na elfu nne mimi naisikia. Revox yangu ina kitufe cha kutoka sentimita 19 kwenda tisa na nusu. Nilikuwa nimekibonyeza maelfu ya mara katika maisha yangu bila kufikiri. Nikakibonyeza. Baba akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini sana, polepole, mzee kupita umri aliofikia duniani, na kila herufi ilikuwa mahali pake. Akasema asante kwa waamini. Akasema mke wake amejifungua mtoto wa kiume, akataja jina langu. Mama alicheka kwa jinsi mumewe alivyogeuzwa. Mimi nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu.

Nilimwandikia mzee wangu wa Dar ujumbe wa simu, nikamweleza yote. Akajibu maneno matatu: "Rula bado unayo?"

Ninayo.

Kazi ya kwanza ililetwa na kijana mhariri wa video wa Mbinga mjini. Alikuwa anatengeneza video ya kwaya za zamani na ngoma zetu, mganda na kioda. Picha alikuwa nazo kwenye VHS, ila maikrofoni ya kamera ilikuwa mbali na sauti yake ni vumbi tupu. Sherehe zile zile zilikuwa zimerekodiwa pia kwenye rili, safi, moja kwa moja kutoka kwenye miksa. Alitaka sauti ya rili ikae chini ya picha ya VHS. Vijana wenzake walimwambia haiwezekani. Nikamwambia aniachie kanda hizo.

Kanda mbili zilikuwa zinanata. Gundi ya baadhi ya tepe za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, huanza kutoka na kuganda kwenye hedi, na mashine hupiga ukelele na kusimama. Dawa yake ni joto dogo la muda mrefu, kiasi cha digrii 54 kwa saa 8 au zaidi, utepe upoe taratibu ndipo ucheze. Kaka yangu akaniazima sanduku la kutotoleshea vifaranga, la balbu na kipimajoto. Kabla ya hapo niliiinua kila rili mbele ya dirisha, kwa kuwa utepe wa zamani zaidi wa asetati hupitisha mwanga, na huo usiupashe joto, utauharibu. Hizi zilikuwa nyeusi tii.

Kisha nikainyoosha hedi. Zamani kazi hii niliifanya kwa sikio. Sasa naangalia mshale mpaka ufike juu kabisa, halafu nahakikisha kwa oskiloskopu kuukuu, mchoro ukae kwenye mstari mmoja. Ngoma ya mganda haikuhitaji msaada wa mtu. Sauti nzito Mungu aliniachia zote, nasikia mkono wa mpigaji unapotua juu ya ngozi. Lakini rili na picha zilikuwa zinaachana kila baada ya muda mfupi. Nikatambua kwamba mashine iliyorekodi ilikuwa ya zile za zamani ambazo mota zake hufuata umeme, na umeme ulikuwa wa jenereta, ukipanda na kushuka. Tukaugawa wimbo vipande, na kila kipande nikakilandanisha na mkono wa mpiga ngoma unavyoshuka kwenye picha, kwa rula na kwa macho. Maneno ya waimbaji niliyahakiki kwa nusu mwendo. Mwisho binti yangu alikaa mbele ya spika kwa mwendo wa kawaida, ananiambia: baba, hapa "s" inachoma; baba, hapa imefunikwa; sasa sawa.

Kijana yule alilipa. Niliziweka zile fedha mkononi mwa mke wangu, akaenda Mbinga kununua cherehani.

Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018, na huku kwetu kukatikakatika kumepungua. Kazi zinakuja: parokia, familia zenye kanda ya babu, watengenezaji wa video wanaotaka sauti ya zamani iliyo ya kweli. UNESCO na wahifadhi wa sauti duniani wametoa tahadhari kwamba mashine za kuchezea kanda zinakwisha na kanda zenyewe zinaharibika, kwa hiyo nafanya haraka. Sasa nina shimesikio pia, ya upande wa kulia. Inasaidia mazungumzo. Huko juu kabisa hakuna cha kusaidia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kanamisini isitumike tena kutibu kifua kikuu sugu. Miaka michache baadaye yakaja matibabu ya vidonge pekee, yenye bedakwilini, ambayo kwa wagonjwa wengi huchukua miezi 6. Niliposoma habari ile nilitoka nje nikakaa chini ya mti. Nilifurahi kwa ajili yako. Nililia pia, sikufichi. Kwa hiyo ukiambiwa leo una kifua kikuu sugu, usilinganishe na yangu. Meza dawa zako. Ganzi ikianza miguuni, au macho yakififia, sema siku hiyo hiyo, maana dawa mpya nazo zina yake. Na kama kwa sababu yoyote utapewa sindano za aina ya amikasini, omba upimwe masikio kabla ya kuanza na kila mwezi. Omba kwa heshima, lakini omba mpaka wakupime.

Mimi mwenyewe bado kila asubuhi, kabla sijainuka, nasugua vidole viwili karibu na sikio, kwanza kulia kisha kushoto, kuona kama kilichobaki kingalipo. Mke wangu amezoea, anasubiri nimalize ndipo anisalimie. Mwezi ujao ninakwenda kwenye kipimo changu cha kusikia, na picha ya kifua siku hiyo hiyo. Naogopa, kama kila mwaka. Kaka atanisindikiza, na mama amekwisha kutoa nia ya misa. Niombee, nami nakuombea, hata kama silijui jina lako.